Kompyuta ni yako, lakini inaomba ruhusa ya mutu mwingine

Mutoto anataka kuweka programu ya masomo katika kompyuta ya nyumba. Anabonyeza, ekrani inaingia giza kidogo, dirisha ndogo inatokea: inaomba mot de passe ya administrateur. Na jina lenye kuandikwa pale si la baba, si la mama. Ni la fundi mwenye aliweka Windows miaka miwili iliyopita, na namba yake haipite tena.

Hapa Kolwezi, mashini nyingi tunazonunua ni za occasion. Zingine zinatoka Ulaya ao Dubai, zingine zilikuwa katika biro za kampuni za migodi kisha zikauzishwa. Kila moja imepita katika mikono ya watu.

Windows iko na aina mbili za compte. "Administrateur" anaweka na kutosha programu, na anaunda compte za wengine. "Utilisateur standard" anaandika, anatazama video, anaingia kwenye intaneti, basi. Standard si azabu. Virusi ikiingia na clé USB ya mutoto, pale haina nguvu sana. Shida ni wakati hakuna hata mutu mumoja katika nyumba mwenye kuwa administrateur.

Kwanza tujue ni nani. Katika fasi ya kutafuta, andika cmd, fungua "Invite de commandes", kisha andika: net localgroup Administrateurs. (Kama Windows yako ni ya Kiingereza, malizia na Administrators.) Majina yatatoka. Kati yao utaona moja lenye kuitwa tu "Administrateur". Usifurahi haraka: hiyo inazaliwa na Windows yenyewe, na tangu Windows Vista, mwaka 2007, kwa kawaida iko imelala.

Ukikuta jina la kaka ao la bibi yako, kazi ni ndogo. Yeye aingie kwa compte yake, aende katika "Paramètres", "Comptes", achague jina lako, kisha "Modifier le type de compte".

Kama compte ni yako lakini umesahau mot de passe, angalia kama iliundwa na adresi ya email. Ikiwa ndiyo, unaibadilisha kwenye site ya Microsoft, hata na telefone. Ikiwa hapana, andika mot de passe ya uongo mara moja: ikiwa ulijibu maulizo matatu wakati wa kuiunda, "Réinitialiser le mot de passe" itatokea chini.

Inabakia hali mbaya: fundi amepotea, ao kitufe "Oui" kimezimika kabisa, maana yake hakuna administrateur anayeamuka. Watu wanakimbilia "Réinitialiser ce PC" na kuchagua "Conserver mes fichiers". Lakini njia hiyo pia inaweza kuomba administrateur, na unarudi kwenye mulango uleule. Basi kopia kwanza mafaili yako kwenye disque ya inje. Standard anaruhusiwa kufanya hivyo. Kisha shikilia Maj wakati unabonyeza "Redémarrer", ingia "Dépannage", "Réinitialiser ce PC", "Supprimer tout". Compte ya kwanza utakayounda kisha hapo itakuwa administrateur. Programu zote zitakuwa zimeenda. Na batri ijae, waya iwe kwenye courant: SNEL ikikata katikati, unaweza kubakia na mashini isiyowaka.

Sasa, jambo lenye kuumiza mufuko. Kuko mashini zenye kusafishwa vizuri, lakini zikiunganishwa tu na intaneti zinaonyesha jina la kampuni na kuomba email ya kazi. Hizo zimeandikishwa kwa kampuni kwenye mutandao, na kufuta disque hakuondoe kitu. Kampuni peke yake ndiyo inaweza kuziachilia. Kwa hiyo, mbele ya kutosha dola zako, mwambie muuzaji aifute palepale na kuianzisha upya ikiunganishwa na intaneti ya telefone yako. Akikataa, mimi ningeenda kwa mwingine.

Ukirudishiwa haki, unda compte mbili: moja ya administrateur, moja ya standard kwa kazi ya kila siku na ya watoto. Mot de passe ya ile ya kwanza iandike kwenye karatasi, uiweke pamoja na makaratasi ya parcelle.