Amplifaya Inayovuma na Kupiga Mluzi: Jinsi ya Kutafuta Ugonjwa Wake

Mtu apendaye gitaa, naye ana mkono wa ufundi, huona fahari kubwa kujitengenezea amplifaya ya valvu. Hukusanya vipande kwa miezi, akaviunga kimoja kimoja kwa risasi, hata siku ikafika akawasha swichi. Valvu hupata moto na kung'aa. Lakini badala ya sauti tamu ya nyuzi husikika mvumo kama wa mzinga wa nyuki, au mluzi unaowafanya majirani wafunge madirisha. Hapo wengi hukata tamaa, na wengine huanza kung'oa nyaya pasipo kufikiri. Kumbe ugonjwa wa amplifaya, kama ugonjwa wa mtu, una dalili zake, na mganga mzuri huuliza kwanza kabla ya kutoa dawa.

Amplifaya ambayo mafundi wengi huanza nayo ni ile ndogo iitwayo Champ, mfano wa 5F1, iliyotolewa katika miaka ya 1950 na kiwanda cha Leo Fender huko California, Marekani. Fender mwenyewe alianza na duka la kutengeneza redio, alilolifungua mjini Fullerton mwaka wa 1938. Champ ina valvu tatu tu: 12AX7 ya kukuza sauti ndogo itokayo katika gitaa, 6V6 ya kuisukuma spika, na 5Y3 ya kuugeuza umeme uendao na kurudi uwe wa njia moja. Nguvu zake ni wati 5 hivi, lakini ndani yake mna umeme wa volti zaidi ya 300.

Kwa hiyo usalama hutangulia. Kondensa kubwa huweza kuhifadhi umeme hata baada ya plagi kuchomolewa, nao waweza kumwua mtu. Fundi mwenye akili huchomoa plagi, huumwaga umeme uliobaki kwa kuiunga kondensa na chesisi kwa njia ya rezista, kisha hupima kwa mita mpaka aone kwamba volti zimekwisha. Akilazimika kupima huku umeme unapita, hutumia mkono mmoja tu, na wa pili huutia mfukoni, ili umeme usipate njia ya kupita kifuani.

Baada ya hayo, sikio ndilo chombo cha kwanza. Katika Afrika ya Mashariki umeme wa nyumbani huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde. Marekani ni mara 60. Mvumo wa mara 100 hukaribia sana sauti ya uzi mnene wa gitaa ukibanwa katika kijisanduku cha tatu. Mvumo huo mara nyingi watoka kwa kondensa za kuchuja umeme ambazo zimechakaa au hazikuungwa vizuri. Mvumo ulio chini zaidi, wa mara 50, mara nyingi watoka kwa nyaya za kupasha valvu moto, au kwa transfoma iliyowekwa vibaya, au kwa uungaji mbaya wa ardhi.

Kisha fundi huchomoa waya wa gitaa. Mvumo ukikoma, kosa li katika gitaa au waya wake. Usipokoma, hugeuza kitufe cha sauti. Mvumo ukipanda na kushuka pamoja nacho, kosa li kabla ya kitufe, katika nusu ya kwanza ya 12AX7; usipobadilika, li baada yake. Nyaya za moto yapasa zisokotwe pamoja na kupitishwa mbali na nyaya za sauti. Wengi huunga pia rezista mbili za omu 100, moja kutoka kila upande wa nyaya hizo hadi chesisi, baada ya kuondoa ule waya uliofunga upande mmoja kwenye chesisi.

Mluzi una sababu nyingine. Katika Champ, sehemu ya sauti iendayo kwa spika hurudishwa nyuma hadi nusu ya pili ya 12AX7. Ikirudi kinyume cha sauti iliyopo, huipunguza kidogo na kuisafisha. Lakini nyaya mbili za transfoma ya spika zikiwa zimebadilishana mahali, sauti irudiyo huiongeza ile iliyopo, nayo ikirudi huongezwa tena, mpaka amplifaya nzima ipige yowe. Jaribio lake ni rahisi: umeme ukiwa umezimwa na kumwagwa, waya urudishao sauti hufunguliwa. Yowe likikoma, dawa ni kubadilishana zile nyaya mbili, na kuurudisha waya uliofunguliwa. Lisipokoma, fundi huzisogeza nyaya za sauti kwa kijiti kikavu cha mti, akisikiliza ni upi unaobadili mluzi. Valvu inayolia ikigongwa polepole kwa penseli ni mbovu, nayo yafaa kubadilishwa.

Liko kosa moja linalopita yote. Wako watu ambao, wakichoka na mvumo, hukata waya wa ardhi katika plagi, na mara nyingine mvumo hupungua kweli. Wakadhani wamepata dawa. Lakini siku waya wa umeme utakapogusa chesisi, umeme huo utapita katika nyuzi za gitaa na kuingia mikononi mwa mpigaji. Na akigusa kipaza sauti kilichoungwa na ardhi, kifo chake ki karibu. Mvumo ni udhia tu. Waya wa ardhi ni uhai.

Basi mwenye amplifaya inayolia na abadili jambo moja kwa wakati mmoja, aandike alilolifanya na alilolisikia, kisha aendelee. Mwenda pole hajikwai. Na fundi aliyeutafuta ugonjwa kwa utaratibu huu hupata sauti safi, na hubaki hai kuifurahia.