Kusi, Kaskazi na Shahada ya Bahari: Njia kwa Vijana wa Mombasa

Kusi ikikolea katikati ya mwaka, mtu anayetoka Marikiti na kikapu chake huihisi bahari mfukoni. Mitumbwi na mashua ndogo hazithubutu kuvuka mwamba, samaki huadimika Mji wa Kale na bei hupanda. Kaskazi ikiingia kuanzia Disemba, maji hutulia na meza hujaa tena. Kila muuzaji analijua hilo. Kwa nini huwa hivyo, na kwa nini mwaka mmoja haufanani na mwingine, ndiyo kazi ya wanaosomea shahada ya uzamili katika sayansi ya anga na bahari.

Mawimbi ni sehemu tu ya jibu. Wakati wa kaskazi, mkondo wa Somalia huteremka kusini na kukutana, kaskazini ya Malindi, na mkondo wa pwani unaopanda kutoka Tanzania. Yote miwili hugeukia mashariki, na maji baridi yenye virutubisho huinuka kutoka chini. Hapo samaki hupata malisho.

Mvua nayo huanzia baharini. Wazee wanaikumbuka mvua ya 1997, iliyobandikwa jina la El Niño. Lakini Pasifiki haikuwa peke yake: Bahari ya Hindi ilipata joto upande wa Afrika na kupoa upande wa Indonesia, hali inayozidisha mvua za vuli. Watafiti waliokuwa Japani waliieleza mwaka 1999, ikaitwa Daipoli. Ilirudi kwa nguvu 2019. Barabara zikikatika, nyanya za bara huchelewa kufika Marikiti, kwa hiyo utabiri wa vuli si habari ya wakulima tu.

Masomo haya hayako mbali. Chuo Kikuu cha Nairobi hutoa uzamili wa hali ya hewa. Huko ndiko alikofundisha marehemu Profesa Laban Ogallo, aliyeongoza pia ICPAC, kituo cha hali ya hewa cha IGAD. Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iko Unguja tangu 1978. Na ng'ambo ya Bandari ya Kale, Mkomani, yapo makao makuu ya KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari yenye meli yake, RV Mtafiti. Vipimo vya maji kujaa na kupwa huchukuliwa Kilindini tangu 1986, hazina tosha kwa tasnifu zaidi ya moja.

Kikwazo kikubwa hutokea mapema. Kijana anayeacha fizikia na hisabati sekondari hujifungia mlango, hata awe mtoto wa nahodha. Uzamili huhitaji shahada ya kwanza ya sayansi, kwa kawaida daraja la pili la juu, na huchukua takriban miaka miwili: masomo ya darasani, kisha utafiti. Sehemu kubwa ya kazi hufanyika kwenye kompyuta, jambo linalowashangaza waliodhani watashinda majini. Hata hivyo, aliyekua akitofautisha bamvua na maji mafu huja na maswali ambayo wenzake hawana.

Kuhusu gharama, mwombaji aulize mikopo ya HELB na ruzuku za utafiti za WIOMSA, jumuiya ya wanasayansi wa bahari yenye makao Zanzibar. Kabla ya kujaza fomu ni vyema amwandikie mhadhiri anayetafiti jambo lilelile na kumweleza, kwa ukurasa mmoja, swali analotaka kulichunguza.