Fahamu: Kwa nini Hermès ilineemeka mwaka ambao Gucci ilidhoofika

Dhiki ya uchumi haiwagusi wapenda anasa wote kwa kadiri moja, na hesabu za mwaka 2024 za kampuni mbili za bidhaa za anasa zadhihirisha hayo: Gucci, iliyotegemea mno vijana wa tabaka la kati, hususan wa China, ambako thamani ya majumba iliporomoka na watu wakaanza kudunduliza, ilipungukiwa na asilimia 23 ya mapato, ilhali Hermès, ambayo wateja wake wengi ni matajiri wasioulizia bei, na ambayo kwa kusudi huunda mikoba michache kuliko inayotakiwa, ilipandisha mapato yake hadi yuro bilioni 15.2.

Bei, zilizopandishwa mno baada ya UVIKO-19, nazo ziliwafukuza vijana hao madukani, na anayeukosa mkoba mara nyingi hutosheka na chupa ya manukato yenye jina lile lile.