BAHARI NDANI YA KIOO
Kufuga samaki wa mwambani nyumbani kwataka subira kuliko fedha

Mwenye macho haambiwi tazama, ndivyo walivyosema wahenga. Hata hivyo yako mambo ambayo mwenye macho huyapita kila siku asiyatazame. Kwetu sisi wa pwani ya kusini, tangu Diani hata Vanga, mojawapo ni wale samaki wadogo wa mwambani. Changu twamjua wa kupaka, tasi twamjua wa kukaanga. Lakini kitatange na wenzake, waliovaa rangi kuliko leso za arusi, hawana sifa kubwa jikoni, na kwa hivyo hawazungumzwi sana.

Kumbe ng'ambo ndio wanaotafutwa. Kwa miaka mingi wapo wapiga mbizi, kuanzia Shimoni mpaka Kilifi, ambao kazi yao ni kuwavua wakiwa hai kwa vyavu vidogo vya mkono. Samaki hutiwa katika mifuko yenye maji na oksijeni, wakafungwa katika makasha, wakapandishwa ndege kwenda Ulaya, Marekani na kwingineko. Mtu wa Hamburg au Chicago hununua chumvi ya paketi, akaikoroga katika maji ya mfereji ili ajitengenezee bahari. Sisi bahari tunayo hatua chache kutoka mlangoni. Je, haifai nasi tukawa na tangi la kioo ukumbini, watoto wetu wakamwona samaki akiishi badala ya kumwona sahanini tu?

Yafaa, na yawezekana. Lakini adhaniaye kwamba kukaa karibu na bahari kumekwisha kumfanyia nusu ya kazi, huyo ndiye atakayeona samaki wake wakielea juu kabla ya juma kwisha.

JIWE NDILO MFANYAKAZI

Nyumba ya kwanza ya samaki iliyofunguliwa kwa watu wote ilikuwa katika bustani ya wanyama ya London, mwaka 1853. Kwa muda mrefu baada ya hapo, wengi waliojaribu kufuga samaki wa baharini nyumbani walipamba matangi yao kwa matumbawe meupe yaliyokwisha kufa, na samaki hawakudumu. Mwaka 1961 mtu mmoja wa Jakarta, Indonesia, jina lake Lee Chin Eng, alieleza katika jarida la wafugaji samaki la Marekani njia yake mwenyewe: maji ya bahari, mawe ya mwambani yenye viumbe hai, mwangaza wa kutosha, na mapovu ya hewa ya kuyatembeza maji. Naye alikuwa mtu wa pwani ya joto kama sisi.

Siri ya njia hiyo ni jiwe. Samaki akila hutoa uchafu, na uchafu huo hugeuka amonia, ambayo ni sumu. Katika vitundu vya mawe na katika mchanga hukaa vijidudu visivyoonekana kwa macho. Kundi moja huigeuza amonia kuwa naitraiti, nayo bado ni sumu. Kundi jingine huigeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo madhara yake ni machache. Baharini kazi hiyo hufanyika usiku na mchana pasi na mtu kuijua. Katika tangi jipya vijidudu hivyo havijazaliana bado. Samaki hufa siku ya nne, na mwenyewe husema wamepatwa na jicho.

KUANZA KWA MPANGO

Kwa mwanafunzi wa kazi hii, tangi la urefu wa sentimita 60, upana 40 na kimo 40 latosha. Hilo huchukua lita 96, na maji yake peke yake yana uzito wa kilo 98 hivi, mbali na mawe na kioo. Meza ya chai haliwezi. Wala asivutwe na tangi dogo kwa urahisi wa bei, maana maji machache huchafuka upesi na kupata joto upesi.

Maji yachotwe bahari ikiwa imejaa, mbali na mifereji ya mahoteli, na si baada ya mvua kubwa, wakati mito ya Ramisi na Mkurumudzi inapoteremsha tope. Madumu yawe safi, yasiyopata kutiwa mafuta wala sabuni.

Hapa pana kosa linalowapata wakazi wa pwani hasa. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi gramu 35 hivi, kwa hivyo tangi letu lina zaidi ya kilo 3 za chumvi. Jua na upepo hupunguza maji, lakini chumvi haiendi popote. Anayejaza pengo kwa maji ya bahari kila siku huongeza chumvi juu ya chumvi, mpaka samaki washindwe. Kinachoongezwa ni maji matamu yaliyo safi. Maji ya visima vya huku mara nyingi yana chokaa na chumvi yake, na ya mvua yaliyopita juu ya bati huweza kubeba madini. Bora yaliyochujwa vizuri, au ya mvua iliyokingwa wazi. Vyombo vya shaba visikaribie, kwa kuwa shaba huua kaa, kamba na matumbawe.

Weka mawe makavu ya mwamba, mchanga, pampu ya kusukuma maji, kisha ungoje. Tia chembe kidogo ya chakula ili vijidudu vipate riziki, na upime maji kwa dawa za kupimia. Huchukua wiki 4 mpaka 6. Amonia na naitraiti zikifika sufuri, hapo aingie samaki mmoja, na baada ya wiki kadhaa, mwingine. Weka tayari pampu ndogo ya betri, kwa sababu umeme ukikatika usiku wa joto, oksijeni huisha upesi.

NANI AINGIE, NANI ABAKI

Si kila mzuri wa mwambani afaa nyumbani. Yuko yule mdogo mwembamba mwenye mstari mweusi ubavuni, ambaye kazi yake ni kuwasafisha samaki wengine. Wakubwa humjia mmoja mmoja, wakatulia, naye akawatoa wadudu mwilini na hata kinywani. Ni miongoni mwa wanaovuliwa kwa biashara hii, lakini katika tangi dogo hukosa wateja, na aghalabu hufa kwa njaa. Huko mwambani, aondokapo yeye, wagonjwa wamekosa tabibu wao.

Afaaye zaidi ni samaki wa rangi ya chungwa aishiye katikati ya mikono ya yule mnyama laini mfano wa ua, mwenye sumu. Huyu huzoea tangi, huweza kutaga humo, na akitunzwa hupita miaka 10. Ajabu yake ni kuwa wote huzaliwa madume. Jike akifa, dume lake hugeuka jike.

Ama matumbawe hai, yaacheni baharini. Katika mbuga ya bahari ya Kisite, iliyohifadhiwa tangu miaka ya 1970, hakichukuliwi kitu, wala samaki wala kombe. Na kwengineko, kabla ya kuchota chochote, yampasa mtu aende ofisi ya uvuvi na kwa wazee wa kikundi cha usimamizi wa ufuo, aulize lipi halali kisheria.

Wapo watakaouliza kama kumfungia kiumbe namna hii kwafaa. Hadithi mbili mashuhuri zatosha kutupa mizani. Katika moja, Mtume (S.A.W.) alimtania mtoto aliyekuwa na ndege wake mdogo, wala hakumkataza kumfuga. Katika nyingine, mwanamke aliadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfungia bila kumlisha wala kumwachia akajitafutie. Kufuga si kosa, ila kufuga ni amana.

Na faida yake? Mwaka 1998 bahari yetu ilipopata joto kupita kiasi, matumbawe ya pwani ya Kenya yalipauka na mengi yakafa. Ukilieleza hilo darasani, mtoto husahau. Lakini mtoto aliyepewa kazi ya kusoma kipimajoto cha tangi kila asubuhi, akaona digrii 26 ikipanda mpaka 31, na samaki wake wakihema juu ya maji, hahitaji kuelezwa mara ya pili. Huyo, akikua akawa mvuvi, mwenye hoteli au diwani, atajua nini kimo ndani ya maji anayoyatazama.

Asiye na nafasi ya kazi hii kila siku, basi tangi asilianze. Miwani ya kuzamia na maji makavu ya Msambweni vyamtosha, na samaki watabaki kwao.