Je, Wajua? Wazawa wa Kanada Waliishtaki Serikali Kutetea Mito

Je, wajua kwamba mwaka 2012 Bunge la Kanada lilipitisha miswada miwili minene iliyolegeza ulinzi wa samaki na mazingira? Sheria ya njia za maji, iliyolinda karibu kila mto na ziwa linalopitika kwa chombo, ilibakiza bahari 3, maziwa 97 na sehemu za mito 62 tu.

Wamikisew Cree, wazawa wa kaskazini mwa jimbo la Alberta, ambao haki yao ya kuwinda, kutega na kuvua imo katika Mkataba Nambari 8 wa mwaka 1899, hawakushirikishwa katika kuitunga miswada hiyo. Wakaenda mahakamani. Mwaka 2014 jaji aliamua kwamba walistahili kuarifiwa na kutoa maoni. Mwaka 2016 serikali ikashinda rufaa. Oktoba 2018 Mahakama ya Juu ikasema hakuna wajibu wa kushauriana nao wakati wa kutunga sheria, ingawa majaji 2 kati ya 9 waliona wajibu huo upo.

Hata hivyo, mwaka 2019 Bunge lilirudisha sehemu kubwa ya ulinzi wa samaki na mito. Anayeishi kwa kutegemea mto anastahili kuulizwa kabla haujaguswa.