Ulimi Unapokataa Amri

Ulimi hauna mfupa, walisema wahenga, wakituonya tuchunge maneno yetu. Lakini je, ndugu msomaji, umepata kujiuliza ni nini basi kinachouongoza ulimi huo kunyooka, kujikunja na kugeuka?

Pita Mtaa wa Kongo, Kariakoo, asubuhi yoyote. Huyu anatangaza vitenge, yule anabishania bei. Hata jina la Kariakoo ni kazi ya ulimi: Waingereza walisema Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, nasi tukalitamka kwa namna yetu. Hapa ulimi ni mtaji. Siku mchuuzi anapoanza kuburura maneno, majirani huwa wepesi wa kuhukumu: "Leo kalewa." Wengine watanong'ona kwamba karogwa. Hukumu hiyo yaweza kumgharimu maisha.

Karibu misuli yote ya ulimi hutawaliwa na mishipa miwili ya fahamu, mmoja wa kulia na mmoja wa kushoto. Katika jozi 12 za mishipa ya fahamu ya kichwani, hii ndiyo ya 12. Kila mmoja hutoka chini ya ubongo, hupenya tundu dogo la fuvu, hushuka shingoni kando ya mishipa mikubwa ya damu, kisha huingia ulimini.

Mshipa mmoja ukidhurika, ulimi ukitolewa nje hupinda kuelekea upande ulio dhaifu. Ni kama mtumbwi: ukipigwa kafi upande wa kulia tu, hugeuka kushoto. Baadaye upande huo hunywea na kuchezacheza wenyewe; kutafuna na kumeza huwa taabu. Chanzo chaweza kuwa jeraha la shingo, uvimbe chini ya fuvu, au saratani ya nyuma ya pua. Dalili hizi mara nyingi huja polepole, nazo zataka daktari, si kusubiri.

Zikija ghafla, hofia kiharusi, ambacho huudhuru ubongo unaoiamuru mishipa hiyo. Utafiti uliofanywa Hai na Dar es Salaam kati ya 2003 na 2006 ulionyesha kwamba, umri ukilinganishwa, kiharusi kilikuwapo zaidi Dar es Salaam kuliko Hai. Basi mwenzio akianza ghafla kukokota maneno, mtazame: je, uso umepinda upande mmoja? Mkono mmoja unalegea akiinua yote miwili? Hata ikiwa ni dalili moja tu, kumbuka saa ilipoanza, umpeleke hospitali mara moja. Usimpe maji, chakula wala dawa, maana aweza kupaliwa. Muhimbili iko Upanga, si mbali na Kariakoo.

Nyumbani, baada ya matibabu, subira ya jamaa ni sehemu ya dawa. Mgonjwa akae wima anapokula, ale kidogo kidogo, chakula kiwe kama alivyoagiza mtaalamu. Afanye mazoezi ya kutamka aliyofundishwa. Watoto wakatazwe kumwiga, nanyi watu wazima msimkatize maneno.

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Lakini aliyejikwaa ulimi kwa maradhi hana la kulaumiwa. Kabla hujamwita mlevi, ndugu msomaji, mwite anayekwenda na gari.