Soriasisi Haiishii Kwenye Ngozi: Mifupa Nayo Ilindwe

Pasiansi, pembezoni mwa barabara iendayo uwanja wa ndege wa Mwanza, jua ni la bure na dagaa wa Ziwa Viktoria hawako mbali. Vyote viwili hujenga mifupa. Hata hivyo, mkazi mwenye soriasisi, yaani ugonjwa wa mabaka yenye magamba meupe, aweza kuishi katikati ya neema hiyo huku mifupa yake ikidhoofika.

Sababu ya kwanza ni ugonjwa wenyewe. Soriasisi si fangasi wala haiambukizi. Ni hitilafu ya kinga ya mwili. Kemikali zinazowasha uvimbe katika ngozi huchochea pia seli zinazomeng'enya mfupa. Baadhi ya wagonjwa hupata baridi yabisi: kidole huvimba chote, kisigino huuma, viungo hukakamaa asubuhi, kucha huwa na vishimo. Maumivu yakizuia kutembea, mfupa hukosa kazi, ukazidi kupungua.

Sababu ya pili ni aibu. Mwaka 2014 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulizihimiza nchi kupinga unyanyapaa dhidi ya wagonjwa hawa. Anayejificha ndani, au chini ya nguo ndefu, huikosesha ngozi mwanga unaotengeneza vitamini D.

Sababu ya tatu ni dawa zinazotumiwa bila usimamizi. Vidonge vya prednisoloni hutuliza uvimbe upesi, lakini vikimezwa kwa miezi kadhaa hupunguza uimara wa mifupa. Vikiachwa ghafla, soriasisi yaweza kurudi kwa ukali zaidi. Hivyo anayevitumia asivikatishe mwenyewe, bali amwone daktari.

Kinga haina gharama kubwa. Dagaa huliwa pamoja na mifupa yao, na humo mna kalsiamu. Jua la kiasi, lisilofikia kuunguza, husaidia ngozi na mifupa pia, isipokuwa kwa wenye ualbino, ambao hawana budi kujikinga nalo. Kutembea kila siku huimarisha mfupa. Sigara na pombe huudhoofisha.

Lililo muhimu zaidi ni kusema. Aendaye kliniki kwa mabaka ataje pia viungo vinavyouma. Aendaye kwa maumivu ya viungo asione haya kuonyesha ngozi yake. Daktari akiviona vyote pamoja, tiba huanza kabla viungo havijaharibika na mifupa haijavunjika.